CHUMA SI CHUMA TU
Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mpenzi msomaji, najua utashangaa. Umefungua jarida la Chama cha Kiswahili ukitarajia mashairi, vitendawili na mjadala mkali kuhusu ngeli, na badala yake umekutana na habari za vyuma. Tafadhali usifunue ukurasa mwingine kwanza. Nataka nikuonyeshe kwamba taabu tunayoipata darasani tukitafuta visawe vya maneno ndiyo taabu anayoipata fundi dukani akitafuta visawe vya chuma. Tofauti ni kwamba fundi akikosea hapunguziwi alama mbili. Hupoteza mashine, hupoteza pesa na pengine hata vidole.

Chukua mfano wa chakula. Mkenya akifika sokoni Dar es Salaam aombe dengu, akidhani ni zile ndengu ndogo za kijani tunazokula na chapati hapa kwetu, atapimiwa kitu kingine kabisa. Ndengu zetu wao huziita choroko. Kwa upande mwingine, matatu na daladala ni majina yasiyofanana hata kidogo, lakini abiria wa pande zote mbili anajua ni gari la kumbana mbavu na kumfikisha kazini. Basi kuna majina yanayofanana ya vitu tofauti, na kuna majina tofauti ya vitu vinavyofanana. Vyuma navyo viko vivyo hivyo.

Shafti ya shangazi

Mambo haya nilianza kuyafikiria kwa sababu ya shangazi yangu. Shangazi ana mashine ya kusaga unga pale sokoni, na karo yangu hutoka humo. Likizo moja shafti ya mashine ilikatika. Shafti ni ule mhimili wa chuma unaozunguka kwa kasi huku umebeba nyundo zinazoponda mahindi. Fundi mmoja akaja, akapima, akaenda zake, akarudi na shafti mpya inayong'aa. Shangazi akamuuliza kama kilikuwa chuma kile kile cha kwanza.

"Mama, chuma ni chuma," akajibu.

Haikumaliza mwezi. Shafti ilipinda, mashine ikaanza kutetemeka kama mgonjwa wa malaria, beringi zikashika moto na wateja wakahamia ng'ambo ya barabara. Kumbe ile shafti ilikatwa kutoka kwa chuma laini cha kawaida, kile cha kutengenezea malango na madirisha! Ama kweli, vyote ving'aavyo si dhahabu.

Safari hii shangazi hakutaka kubahatisha. Alikitafuta kijitabu kilichokuja na mashine, na kwenye mchoro wa shafti tukaona pameandikwa S45C, na chini yake maelezo kwamba chuma kiwe kimeimarishwa kwa moto. Tukashika njia hadi mjini. Katika duka la kwanza la vyuma tuliambiwa, "Hiyo hatuna." La pili, hivyo hivyo. La tatu wakasema wana En8 na En9 peke yake. Tulipokuwa karibu kukata tamaa tukampigia simu mjomba, ambaye amekereza vyuma kwa miaka mingi. Akacheka.

"Shemeji, mnachotafuta huenda mmekipita mara tatu. S45C ni jina la Kijapani. Hapo dukani wanatumia majina ya Kiingereza. Ngojeni nije."

Maelezo yafuatayo ni yale aliyotupa mjomba siku hiyo, pamoja na yale niliyojisomea baadaye.

Chuma ni nini hasa?

Chuma tunachonunua dukani ni chuma cha pua, ambacho pia huitwa feleji. Ni madini ya chuma yaliyochanganywa na kaboni kidogo sana. Katika chuma laini cha kujengea, kila kilo moja huwa na kaboni ya takriban gramu 2, yaani asilimia 0.2. Ukiongeza kaboni hadi gramu 4 au 5 kwa kilo, chuma huwa na nguvu zaidi na hufaa kwa shafti na gia. Lakini hakuna kizuri kisicho na ila. Kadiri kaboni inavyozidi, ndivyo chuma kinavyokuwa kigumu kuchomelea, tena huwa rahisi kupasuka. Zaidi ya kaboni, kuna manganizi ya kuongeza nguvu, na kromiamu na nikeli za kuzuia kutu. Salfa na fosforasi nazo ni kama mchanga kwenye mchele: kiwanda hujitahidi kuzipunguza.

Kwa nini majina ni mengi?

Kila taifa lenye viwanda vikubwa liliandika kanuni zake lenyewe. Wajerumani walikuwa na DIN, Waingereza BS, Wamarekani ASTM na SAE, Wajapani JIS na Wachina GB. Baadaye mataifa ya Ulaya yaliungana na kuandika kanuni za pamoja zinazoanza kwa herufi EN.

Sisi hapa Kenya tumerithi lugha hizi zote kwa pamoja. Reli ya kwanza kutoka Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka wa 1896, ilikuwa kazi ya Waingereza, na maduka yetu mengi bado hutumia majina yao. Magari yetu mengi hutoka Japani. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, ilijengwa kwa kufuata kanuni za Uchina. Shirika letu la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS, lilianzishwa mwaka wa 1974 ili kuwe na viwango vyetu wenyewe, lakini vipuri na michoro ya mashine bado huja na lugha ya huko ilikotoka. Fundi wa Kenya, apende asipende, analazimika kuwa mkalimani.

Nambari inahesabu nini?

Hapa ndipo wengi huteleza. Hebu fanya jaribio dogo. Chukua springi ya kalamu ya biro. Ivute kidogo kisha uiachilie: itarudi ilivyokuwa. Ivute zaidi: itabaki imenyooka, haitarudi tena. Ukizidi kuivuta kwa nguvu, mwishowe itakatika. Chuma chochote kina hatua hizo. Kuna kikomo cha unyumbufu, ambacho chuma kikivutwa kukipita hakirudi katika umbo lake. Tena kuna kikomo cha kukatika, ambacho huwa juu zaidi. Vikomo hivi hupimwa kwa nyutoni kwa kila milimita mraba.

Sasa angalia majina ya chuma kile kile laini cha malango yetu, na namna kila taifa lilivyochagua nambari yake:

Ulaya: S235. Nambari 235 ni kikomo cha unyumbufu, kwa nyutoni.
Uchina: Q235. Hii pia ni kikomo cha unyumbufu, kwa nyutoni.
Japani: SS400. Nambari 400 ni kikomo cha kukatika, kwa nyutoni.
Ujerumani ya zamani: St 37. Nambari 37 ni kikomo cha kukatika, lakini kwa uzito wa kilo badala ya nyutoni. Zidisha kwa 9.81 upate takriban 363.
Marekani: A36. Nambari 36 ni kikomo cha unyumbufu, lakini kwa maelfu ya ratili kwa kila inchi mraba. Ukigeuza unapata takriban nyutoni 250.

Umeona, mpenzi msomaji? Nambari 235, 400, 37 na 36 zimetengana kama mbingu na ardhi, na hali vyuma vyenyewe ni ndugu. Ni kama watu watano wanaopimana urefu, mmoja kwa futi, mwingine kwa sentimita, wa tatu anapima hadi begani na wa nne hadi utosini, kisha wanagombana ni nani mrefu.

Kosa kubwa zaidi ni kulinganisha nambari bila kuuliza zinahesabu nini. Mtu ameambiwa anunue S355 ya kutengeneza fremu ya trela. Dukani anaonyeshwa SS400 ya bei nafuu, naye anafurahi: si 400 ni kubwa kuliko 355? Pole sana! Ile 355 ni kikomo cha unyumbufu. SS400 kikomo chake cha unyumbufu ni 245 tu, hata katika bamba jembamba. Amenunua chuma dhaifu kwa karibu theluthi moja, na trela itamwambia hivyo siku itakapobeba mzigo kamili.

Kuna mtego mwingine, nao ni ule wa dengu na ndengu. Waingereza walipokuwa vitani mwaka wa 1941 walitoa orodha ya vyuma wakaipa kila kimoja nambari ya dharura, wakaandika En1, En2 na kuendelea. Herufi hizo En hazina uhusiano wowote na EN ya kanuni za Ulaya zilizokuja miaka mingi baadaye. Tena ile 8 katika En8 haipimi kitu chochote. Ni nafasi yake kwenye orodha tu, kama nambari yako ya rejista darasani.

Kutafuta kisawe cha S45C

Mjomba alipofika dukani hakuanza kwa kutafuta jina. Alianza kwa kuuliza jina linasema nini. Katika S45C, alitueleza, 45 ni kaboni: asilimia 0.45, yaani gramu 4.5 kwa kilo. Wamarekani chuma hicho hukiita 1045, ambapo 10 ni chuma cha kaboni ya kawaida na 45 ni kile kiasi cha kaboni. Kanuni za Ulaya hukiita C45. Hao watatu wanakaribiana sana.

Waingereza je? En8 baadaye ilipewa jina jipya, 080M40. Mwisho wake unakwambia kaboni ni asilimia 0.40, na mwanzo wake kwamba manganizi ni asilimia 0.80. En9 nayo ina kaboni ya asilimia 0.50 hadi 0.60. Basi S45C imekaa katikati ya hao wawili, haiko kamili kwa yeyote.

Nikamuuliza mjomba, "Sasa tuchukue ipi?"

"Usiulize jina, uliza cheti," akasema.

Kumbe kiwanda kikiyeyusha chuma hupima mchanganyiko wake na kuuandika kwenye cheti, na shehena huwa na nambari inayolingana na cheti hicho. S45C inaruhusu kaboni kuanzia asilimia 0.42 hadi 0.48. En8 inaruhusu 0.36 hadi 0.44. Kwa hiyo kuna kijisehemu kidogo ambapo wawili hawa hukutana, kati ya 0.42 na 0.44. Muuzaji alinung'unika kidogo, lakini akaenda kuleta faili. Cheti cha kwanza kilisema kaboni 0.38. Mjomba akakirudisha. Cha pili kikasema 0.43, na manganizi 0.75, ambayo pia iko ndani ya mipaka ya pande zote mbili.

"Hiki ndicho," akasema mjomba. "Kimeandikwa En8, lakini kingezaliwa Japani kingeitwa S45C."

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo nimelibeba hadi leo. Ile En8 ya cheti cha kwanza na ile ya cheti cha pili zilikuwa na jina moja, rangi moja na bei moja, lakini moja tu ndiyo iliyokuwa kisawe cha chuma cha shangazi. Jina hutuonyesha mlango. Nani yumo ndani, hilo ni la cheti.

Moto na baridi

Mchanganyiko pekee hautoshi. Chuma kile kile kikipashwa moto mkali, kikazamishwa ghafla kwenye maji au mafuta, kisha kikapashwa tena kwa moto wa chini, huwa na nguvu tofauti kabisa. Mafundi wa jua kali wanaofua patasi na majembe wanalijua hilo bila kusoma kanuni yoyote. Kwa En8, chuma kilichoachwa kipoe chenyewe hewani huwa na kikomo cha kukatika cha nyutoni 550 hivi. Kilichoimarishwa kwa moto hadi daraja la Q huwa kati ya 625 na 775. Mchoro wa shangazi ulitaka kilichoimarishwa, kwa hiyo mjomba alihakikisha kwamba kile cha 0.43 kilikuwa na herufi Q kabla shangazi hajafungua mkoba.

Herufi za mwisho wa jina nazo si mapambo. Utakuta S355JR, S355J0 na S355J2. Zote zina kikomo kimoja cha unyumbufu, ila zimejaribiwa kwa kupigwa nyundo katika baridi tofauti: JR kwa nyuzi 20, J0 kwa nyuzi sufuri na J2 kwa nyuzi 20 chini ya sufuri. Hapa kwetu kwenye joto jambo hili laweza kuonekana la kupuuzwa, lakini Wamarekani walilipia somo hilo. Usiku wa tarehe 16 Januari 1943, meli mpya ya mafuta iitwayo Schenectady ilikuwa imetia nanga kwenye maji matulivu huko Portland, Oregon. Hapakuwa na dhoruba wala adui. Ghafla ikapasuka katikati kwa kishindo. Uchunguzi wa meli za wakati huo zilizopasuka hivyo ulionyesha kwamba chuma chake kilikuwa na nguvu ya kutosha kikivutwa, ila kwenye baridi kiligeuka kuwa kama kioo, na ufa mdogo uliotokea penye maungio ulikimbia bila kizuizi.

Hata unene una maneno yake. Ile 235 ya S235 ni ya chuma kisichozidi milimita 16. Kikizidi hapo hadi milimita 40, ahadi hushuka hadi 225.

Maswali ya kwenda nayo dukani

Msomaji mpenzi, kuna majedwali mengi ya visawe vya vyuma, vitabuni na kwenye intaneti. Ni mazuri kwa kuanzia, kama kamusi. Lakini nani amewahi kuandika insha nzuri kwa kunakili kamusi? Ukitumwa kununua chuma chenye jina la kigeni, uliza haya:

1. Nambari iliyo kwenye jina inahesabu nini: kaboni, kikomo cha unyumbufu, kikomo cha kukatika, au ni nafasi kwenye orodha tu?
2. Mipaka ya mchanganyiko ni ipi? Kama kitachomelewa, angalia kaboni hasa. S235JR huwekewa mpaka wa kaboni, asilimia 0.17 kwa vipande vya kawaida. SS400 haijawekewa mpaka wowote wa kaboni, ila wa salfa na fosforasi tu. Kwa lango lisilobeba mzigo watakuwa visawe. Kwa nguzo ya kuchomelea, la.
3. Nguvu ni kiasi gani kwa unene huu ninaoutaka?
4. Kimepitia moto wa namna gani?
5. Cheti kiko wapi, na nambari yake inalingana na ile iliyo kwenye chuma chenyewe?

Na swali la sita ambalo hujiuliza mwenyewe: chuma hiki kinaenda kufanya kazi gani? Maana kisawe hakipatikani hewani. Hata katika Kiswahili, "fariki" na "kufa" ni visawe, lakini jaribu kusema kwamba mzee wa kijiji amekufa uone utakavyotazamwa, au useme kuku amefariki uone watu watakavyocheka. Maana ni moja, mahali pa kulitumia neno ni tofauti.

Shafti ya shangazi ilikerezwa na mjomba kwa siku mbili. Imekuwa ikizunguka tangu likizo ile, na wateja wamerudi upande wetu wa barabara. Cheti cha chuma shangazi amekifunga kwenye karatasi ya nailoni akakihifadhi pamoja na cheti changu cha kuzaliwa, na ukimuuliza sababu atakwambia kwamba vyote viwili ni vya watoto wake.

Yule fundi wa kwanza simlaumu sana. Nadhani hakuna aliyewahi kumwambia kwamba vyuma vina majina, na yeye akaona haya kuuliza. Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Basi wewe ukifika dukani uliza, hata muuzaji anune. Na ukisikia mtu akisema chuma ni chuma, mpimie ndengu umwambie ni dengu.

Kwaherini, tukutane toleo lijalo panapo majaliwa.